Sare moja, mikataba miwili: kwa nini marubani wa mashirika madogo ya ndege Marekani hawaishi kugombana wenyewe kwa wenyewe

Kuna shirika moja la ndege Marekani lilikuwa linaitwa ExpressJet. Ukikutana na marubani wake wawili uwanjani unakuta sare moja, bosi mmoja, chama cha wafanyakazi kimoja, alafu mikataba ya kazi miwili. Mmoja anarusha Embraer, mwenzie CRJ ya Bombardier, na kila mtu analipwa na kupangiwa ratiba kwa sheria zake. Makampuni mawili yaliyozaa hilo shirika yaliunganishwa rasmi mwishoni mwa 2011, na miaka ikapita mpaka upande wa CRJ unaishiwa ndege hawajawahi kupata mkataba mmoja wa wote. Mwanzoni mwa 2014 rasimu ilikuja mezani, marubani wakaipiga chini kwa kura.

Watu wengi wakisikia stori kama hizi wanasema marubani wana majivuno, hawajui kushikamana. Mimi naona hapana, au tuseme majivuno yapo ila hayatoshi kueleza. Ukiangalia mfumo wenyewe ulivyosukwa unaona kabisa kwamba hata ukiwaweka malaika mle ndani watagombana tu.

Tuanze na hii biashara yenyewe. Ukikata tiketi ya Delta, United au American kwenda mji mdogo, ndege utakayopanda imepakwa rangi za hilo shirika kubwa lakini pembeni ya mlango kuna maandishi madogo kwamba inaendeshwa na mtu mwingine: SkyWest, Republic, Endeavor, Envoy, PSA, Piedmont, GoJet, na wengine. Hawa ndo mashirika ya mikoani. Tiketi hawauzi wao, nauli hawapangi wao, na mara nyingi hata mafuta hawanunui wao. Wanalipwa na shirika kubwa kiasi kilichokubaliwa kwa kila safari au kila saa ya ndege, iwe imejaa au iko tupu. Sasa fikiria, kama mapato yako yamefungwa kwa mkataba na bei ya ndege imefungwa kwa mkataba, unabana wapi ili upate faida zaidi ya jirani yako? Kwenye mishahara. Na mshahara unaoonekana haraka ni wa rubani. Kwa hiyo tenda ikitangazwa, anayeshinda ni mwenye marubani wa bei rahisi, na anayeshindwa ndege zake zinahamishwa kwenda kwa jirani, na marubani wake wanabaki wanaangalia.

Baadhi ya haya mashirika yanamilikiwa moja kwa moja na wakubwa. Envoy, PSA na Piedmont ni mali ya American asilimia mia, Endeavor ni ya Delta. Hapo mtu angesema basi si familia moja, watapendana. Kumbe ndo kwanza.

Kitu cha pili, na hiki ukikielewa umeelewa nusu ya ugomvi wote, ni sinioriti. Rubani Marekani hana cheo kinachohama naye. Ukiajiriwa unapewa namba kulingana na siku uliyoingia, na hiyo namba ndo maisha yako: ndo inaamua utakaa kituo gani, utarusha ndege gani, lini utapanda kuwa kapteni, Krismasi utakuwa nyumbani au hotelini, na kazi ikipungua nani anarudishwa nyumbani kwanza. Ukihamia shirika jingine hata kama una saa elfu kumi na tano za kurusha na nywele zimeshakuwa nyeupe, unaenda mwisho wa foleni, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Daktari akihama hospitali anaenda na uzoefu wake na mshahara unajadiliwa, rubani anaenda na begi lake tu. Ndo maana mtu anashikilia namba yake kama hati ya kiwanja, na ukimgusa hapo hata kama ni kwa nafasi kumi tu, umemgusa pabaya.

Sasa chukua hiyo namba uiweke kwenye kuungana kwa makampuni. Mashirika mawili yanakuwa moja, orodha mbili lazima ziwe moja. Utazichanganya vipi? Kwa tarehe ya kuajiriwa? Wale wa shirika la zamani lililodumaa watashangilia, maana wana watu wa miaka ishirini ambao bado ni marubani wasaidizi. Kwa uwiano wa nafasi, yaani kapteni wa juu huku anakaa karibu na kapteni wa juu kule? Hapo watashangilia wa shirika changa lililokuwa linakua haraka. Hakuna fomula ambayo wote watatoka wanacheka. Kila kinachompandisha mmoja kimemshusha mwingine, nafasi kwa nafasi.

Mfano maarufu kuliko yote hata sio wa mashirika madogo, ila inabidi niutaje maana kila rubani anaujua na wote wanauogopa. US Airways na America West waliungana 2005, wote walikuwa chama kimoja, ALPA, ambacho ni chama kikubwa cha marubani kilichoanzishwa 1931. Walishindwa kukubaliana kuhusu orodha, ishu ikaenda kwa mwamuzi anaitwa George Nicolau, na 2007 akatoa uamuzi. Wachache wa juu kabisa wa US Airways waliwekwa kileleni, lakini wale waliokuwa wamesimamishwa kazi wakati wa kuungana wakatupwa mwisho, hata waliokuwa na miaka kumi na kitu tangu waajiriwe, nyuma ya vijana wa America West waliokuwa bado hawajazoea sare. Upande wa US Airways walikuwa wengi zaidi. Wakafanya hesabu nyepesi tu: kama chama kinatufunga kukubali huu uamuzi, basi tubadilishe chama. 2008 wakapiga kura, wakaing'oa ALPA, wakaweka chama kipya kilichoitwa USAPA ambacho sera yake kubwa ilikuwa tarehe ya kuajiriwa. Upande wa magharibi, yaani wa America West, wakaenda mahakamani, upande wa mashariki, wa US Airways, nao wakajibu mahakamani, na shirika likawa linaendeshwa na makundi mawili ya marubani wasiochanganyika kwa miaka, wakati menejimenti imekaa pembeni inaendelea kuwalipa mishahara ya kwenye mikataba ya zamani. Hiyo sehemu ya mwisho ndo inauma. Kila mwezi ambao orodha haijapatikana ni mwezi ambao kampuni haijapandisha mshahara.

Miaka michache kabla ya hapo American walikuwa wamenunua TWA, 2001, na marubani wengi wa TWA wakabandikwa mkiani mwa orodha ya American. Walioumia walipiga kelele mpaka bunge likapitisha sheria mwishoni mwa 2007, inajulikana kwa majina ya maseneta wawili, McCaskill na Bond, inayosema orodha lazima ziunganishwe kwa haki na usawa na mkishindwana mnaenda kwa mwamuzi. Ila ina kipengele kimoja watu hukisahau: kama makundi yote mawili yako chama kimoja, basi zinatumika taratibu za ndani za hicho chama. Kiweke akilini, tutakirudia.

Kwa mashirika ya mikoani hii kuungana ilikuwa kama homa, inakuja kila msimu. Pinnacle walinunua Colgan 2007, wakanunua Mesaba 2010, makundi matatu ya marubani, orodha ikapatikana 2011, na kabla watu hawajazoea namba zao mpya kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, Aprili 2012, mikataba ikakatwa, na 2013 ikatoka na jina jipya, Endeavor, mali ya Delta. Ukiwa rubani wa Mesaba hapo umebadilishiwa bosi, orodha, mkataba na nembo ndani ya muda ambao mtoto anamaliza chekechea na kuingia darasa la kwanza.

Haya, tuje kwenye kitu ambacho mimi naona ndo kiini, na ambacho hakizungumzwi vizuri. Kinaitwa skopu.

Marubani wa mashirika makubwa wanapojadili mkataba wao, hawajadili mshahara tu. Wanaweka kifungu kinachosema kampuni haitampa mtu wa nje kazi ya kurusha isipokuwa ndani ya mipaka fulani. Hiyo mipaka ndo skopu. Kwa wakubwa watatu, kwa ujumla, ndege ya shirika dogo isizidi viti 76 na uzito wa kuruka usizidi pauni 86,000, na kuna kikomo cha idadi. Ndo maana unaona ndege za aina fulani zimetolewa viti makusudi, ingeweza kubeba watu wengi zaidi lakini imewekewa viti 76 kamili, au ya viti 70 imepunguzwa ikabaki na 50. Sio uhandisi huo, ni mkataba wa kazi.

Kwa rubani wa Delta, skopu ni ukuta unaolinda ajira yake, na ana haki, maana bila huo ukuta menejimenti ingehamishia kila kitu kwa yule anayelipwa nusu. Kwa rubani wa shirika dogo huohuo ukuta ni dari. Ndo inamwambia kampuni yako haitakua zaidi ya hapa, ndege kubwa hutaziona, na hizo ulizonazo zinaweza kupunguzwa kwa makubaliano ambayo wewe hukuwepo chumbani. Na sasa kaa chini: mara nyingi huyo wa juu na huyo wa chini ni wanachama wa chama kilekile, wanakatwa asilimia ileile ya mshahara, ALPA. Chama kinakaa mezani kwa jina la huyu kumzuia yule, alafu kesho kinakaa meza nyingine kwa jina la yule.

Ishu hii ilifika mahakamani. 2001 marubani wa Comair na wa Atlantic Southeast, ambayo yote yalikuwa mali ya Delta wakati huo, waliishtaki ALPA, chama chao wenyewe, wakidai kwamba kwa kujadili mipaka ya skopu kwa niaba ya marubani wa Delta bila wao kushirikishwa, chama kimevunja wajibu wa kuwawakilisha kwa haki. Huo wajibu una historia nzito, na nyumbani kwake sio kwenye ndege kabisa. Ulizaliwa 1944 katika kesi ya Steele dhidi ya reli ya Louisville & Nashville, ambapo chama cha wazungu kilikuwa kinawawakilisha kisheria pia wafanyakazi weusi wa injini za treni huku kinajadili mikataba ya kuwatoa kazini. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sheria ikikupa mamlaka ya kumsemea mtu, huwezi kuyatumia kumkandamiza. Tatizo ni kwamba kipimo ambacho mahakama zimekiweka baadae ni kigumu kukivuka: lazima uonyeshe chama kimefanya mambo kiholela, kwa ubaguzi, au kwa nia mbaya. Kupoteza tu kwenye majadiliano hakutoshi. Kesi ya hawa marubani ilijikokota miaka, ikaishia kwa makubaliano, na skopu ikabaki palepale.

Na angalia 2012. Marubani wa Delta walipitisha mkataba ulioruhusu ndege za viti 76 kwa mashirika ya mikoani ziongezeke mpaka 223, kwa masharti kwamba zile ndogo za viti 50 zipunguzwe sana na Delta yenyewe ilete Boeing 717, ambazo zilikuja 88, zirushwe na marubani wa Delta. Ukiwa upande wa Delta hiyo ni dili nzuri, na kusema kweli ilikuwa nzuri. Kipindi hichohicho cha kiangazi Delta ikatangaza inaifunga Comair, na Septemba ndege ya mwisho ikatua. ALPA huku, ALPA kule.

Comair yenyewe inastahili kusimama nayo kidogo maana ndo hadithi ambayo wazee wanawasimulia vijana. Machi 2001 marubani wake waligoma, na mgomo ukaenda siku 89, shirika zima limelala chini. Walirudi na mkataba uliokuwa bora kuliko wa karibu kila shirika dogo wakati ule. Ushindi kabisa. Lakini kwenye biashara ambayo kazi inaenda kwa mwenye bei ya chini, kuwa na mkataba bora kuliko jirani ni kama kubandika bei kwenye paji la uso. Delta iliingia ufilisi 2005 na Comair ikaingia nayo, mishahara ikakatwa, ndege zikaanza kuhamia kwa wengine, na siku ya kufunga Delta wakasema gharama za Comair bado ziko juu kuliko za wenzao. Wapo wanaosoma hii stori wakasema mgomo haulipi. Wapo wanaoisoma wakasema tatizo lilikuwa wengine hawakugoma. Nadhani hao wa pili wako karibu zaidi na ukweli, ila hapo ndo shida inapoanza, kuwafanya wengine wagome nao.

Hii ya kupambanishwa ilionekana vizuri sana 2013 na 2014. PSA, shirika dogo la kundi la US Airways, marubani wake walikubali kubana mishahara ili walete ndege mpya, na kweli zikaja CRJ900, 30 za kuanzia. Alafu American, ambayo sasa imeshaungana na US Airways, ikaenda kwa marubani wa American Eagle na ujumbe uleule: kubalini kubana, mtapata Embraer 175 mpya, mkikataa tutazipeleka kwingine. Machi 2014 wakakataa. Mwezi uliofuata kampuni yao ikabadilishwa jina ikawa Envoy, ndege zikaanza kupungua, watu wakaanza kuhama, na baadae kura nyingine ikapigwa, safari hii wakakubali. Sasa waulize marubani wa Envoy wa wakati ule nani adui. Wengi walitaja PSA kabla ya kutaja makao makuu. Wale wa PSA nao wana jibu lao, kwamba wao walikuwa na ndege chache za kizeeni na wangekataa leo wasingekuwepo. Chama cha pande zote mbili? ALPA. Kila shirika lina baraza lake ndani ya chama, linajadili peke yake, linapigiwa kura peke yake, na makao makuu ya chama hayawezi kuwalazimisha wa huku wakatae ili wa kule wapone.

Kuna mbinu nyingine chafu zaidi, ya kuanzisha kampuni pacha. Trans States walikuwa wanarusha ndege kwa ajili ya American, na skopu ya marubani wa American ilikuwa inazuia shirika kama hilo kuwa na ndege kubwa hata kama inazirusha kwa mteja mwingine. United wakataka CRJ700 zirushwe. Basi mwenye Trans States akaanzisha GoJet, iliyoanza kuruka 2005, leseni mpya, jina jipya, marubani wapya, mmiliki yuleyule. Marubani wa Trans States waliona kazi iliyotakiwa kuwa yao imepewa watu wa nje ya orodha yao. Marubani wa GoJet walijiunga na Teamsters, chama kinachojulikana zaidi kwa madereva wa malori, na kwa miaka marubani wengine wa ALPA waliwanyima lifti kwenye kile kiti cha ziada cha kokpiti, ambacho kwa desturi rubani humpa rubani mwenzake anayerudi nyumbani. Kumnyima mtu hicho kiti ni kama kumfungia mlango akiwa kwenye mvua. Na waliofungiwa walikuwa ni vijana waliohitaji kazi ya kwanza, mwenye kampuni yeye hapandi kiti hicho.

Utauliza, kwa nini wasigome tu wote mara moja wakamaliza? Sheria. Marubani Marekani hawako chini ya sheria ya kawaida ya kazi, wako chini ya sheria ya reli ya 1926 ambayo 1936 ilipanuliwa ikaingiza mashirika ya ndege. Chini ya hiyo sheria mkataba hauishi. Tarehe ikifika unafunguliwa tu kwa mazungumzo, na wakati mnazungumza masharti ya zamani yanaendelea, mshahara wa zamani unaendelea. Mkishindwana mnaenda kwa Bodi ya Taifa ya Usuluhishi, na bodi inaweza kuwaweka humo miaka. Mpaka yenyewe iseme imeshindwa, alafu siku 30 za kupoa, na hata hapo rais anaweza kuunda tume ya dharura ikawaongezea muda. Kugoma kabla ya hapo ni kosa, mahakama inawarudisha kazini siku hiyohiyo. Muda wote huo ni faida kwa upande mmoja tu, na wakati wa kusubiri ndo makundi yanapopata nafasi ya kuanza kulaumiana, nani alisema nini kwenye kamati, nani anataka kuuza nini.

Hata namna ya kupata chama ilikuwa na mtego. Mpaka 2010, kura ya kuingiza chama ilihitaji zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wanaostahili, na asiyepiga kura alihesabiwa kama amekataa. Aliyelala, aliyekuwa likizo, asiyejali, wote ni "hapana". Baadae ikabadilishwa ikawa wengi wa waliopiga. SkyWest, ambayo ni kubwa kuliko wote, marubani wake hawana chama cha kitaifa mpaka leo, wana jumuiya yao ya ndani, na ALPA imejaribu kuingia zaidi ya mara moja ikagonga mwamba. Wapo wanaosema ni kwa sababu kampuni inawatunza vizuri, wapo wanaosema kampuni inawatunza vizuri ili wasiingize chama. Naona kauli zote mbili ni kitu kilekile. Ila athari yake kwa wengine iko wazi, maana kwenye meza ya tenda kuna mshindani mmoja mkubwa ambaye anaweza kubadilisha masharti haraka bila kupita bodi wala usuluhishi.

Mgawanyiko ambao mimi naona unaua zaidi lakini, hauna jina la kampuni wala la chama. Ni wa muda. Ndani ya shirika dogo kuna rubani wa miaka 27 ambaye amekuja kukusanya saa za kurusha, akipata simu ya Delta anaondoka kesho asubuhi, na kuna kapteni wa miaka 56 aliyejenga nyumba karibu na kituo, watoto wamesoma hapo, na hana mpango wa kuanza upya mkiani mwa foleni ya mtu. Kijana anataka bonasi ya kuingia, mshahara wa mwaka wa kwanza uwe juu, na apande ukapteni haraka. Mzee anataka ngazi ya juu ya mshahara isiwekewe kikomo, mchango wa kustaafu, ratiba inayomwacha alale kwake. Wote wana kura moja moja. Menejimenti ikileta rasimu yenye pesa nyingi mbele na kikomo nyuma, haijakosea hesabu, inajua nani wengi. Na yule kijana akishapiga kura ya ndio, mwaka mmoja baadae hayupo, ameacha wenzake na mkataba wa miaka kumi. Simlaumu. Na mimi ningekuwa na miaka 27 ningefanya hivohivo.

Kinachochekesha, au kinachouma, ni kwamba nyongeza kubwa kuliko zote haikuja kwa mgomo wala kwa umoja. Februari 2009 ndege ya Colgan ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, na familia za waliokufa zikasukuma bunge mpaka ikapita sheria iliyofanya, kuanzia 2013, rubani msaidizi naye kwa kawaida awe na saa 1,500 kabla ya kuajiriwa. Ukiongeza wastaafu kwenye mashirika makubwa na watu walioondoka wakati wa korona, marubani wakaadimika. Juni 2022 Envoy na Piedmont wakatangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza na 146 kwa kapteni wa mwaka wa kwanza, PSA wakafuata, alafu Mesa, SkyWest na wengine wakakimbia nyuma yao. Kazi ambayo miaka kumi nyuma mtu alikuwa anaianza kwa dola ishirini na kitu kwa saa. Sehemu kubwa ya hiyo nyongeza mwanzoni iliandikwa kama ya muda, yenye tarehe ya kuisha. Na hata hapo wakapatikana wa kugombana: kapteni wa miaka kumi na tano anaona kijana wa juzi amepandishwa kwa asilimia kubwa kuliko yeye, na bonasi zinagawiwa kwa wapya huku waliokaa wakati wa shida wanapewa shukrani.

Sasa mchezo wote unaweza kuanza tena. Aprili 2025 Republic na Mesa walitangaza kuungana, na Novemba mwaka huohuo likakamilika. Republic ni kubwa, marubani wake walikuwa Teamsters. Mesa imepungua sana, marubani wake walikuwa ALPA. Ndege ni za familia moja, Embraer 170 na 175, kwa hiyo kisingizio cha ndege tofauti hakipo kama kilivyokuwa kwa ExpressJet. Lakini vyama ni viwili, na kile kipengele nilichosema ukiweke akilini ndo kinafanya kazi hapa: taratibu za ndani za chama kimoja haziwahusu, wasipokubaliana orodha inaenda kwa mwamuzi wa kutoka nje. Na bodi ikiamua ni shirika moja kisheria, chama kinabaki kimoja, na kundi kubwa ndo lina kura nyingi. Rubani wa Mesa aliyekaa miaka ishirini, aliyepita ufilisi wa 2010 na kupunguzwa kwa ndege, orodha mpya ikitoka ataanza kusoma kutoka chini kwenda juu mpaka alione jina lake, alafu atahesabu waliowekwa mbele yake ni wangapi na waliajiriwa lini.